Mmea wa Pili Ulipe Kodi: Kuchagua Mchanganyiko wa Kupunguza Wadudu Kwenye Ploti ya Nairobi

Ploti ya futi hamsini kwa mia haina nafasi ya mgeni. Ukishatoa nyumba, tangi la maji na njia ya gari, kinachobaki ni mistari michache ya sukuma wiki, mahindi kando ya ua na labda nyanya karibu na bomba. Halafu wadudu wanaingia. Unakwenda agroveti, unauziwa chupa. Wiki mbili baadaye unarudi, unauziwa chupa yenye jina jingine. Mwishowe jirani anakwambia, "Wachana na dawa, changanya mimea." Sawa. Nichanganye nini na nini?

Nimejaribu michanganyiko kadhaa kwenye ploti yangu upande wa Kamulu, na nimeshika jembe kwa shangazi yangu mwenye ng'ombe wawili na nusu ekari huko Dagoretti. Anayeniuliza upi ni bora namrudishia maswali mawili. Mdudu wako ni nani? Na huo mmea wa pili utaliwa na nani? Mjini kila hatua ya ardhi ina bei, na mmea unaouingiza katikati ya zao lako ni mpangaji. Ukikufukuzia wadudu lakini usilete chochote jikoni, zizini wala sokoni, hutauvumilia misimu miwili. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kuhusu mchagua mbegu walinyamaza.

Geuza jani kwanza

Kabla ya kununua mbegu yoyote, inama utazame. Sukuma yenye matundu ambayo mengine yamebakiwa na ngozi nyembamba kama kioo cha dirisha imeliwa na viwavi wa nondo mgongo-almasi. Ni wadogo, wa kijani, na ukiwagusa wanajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Majani yaliyojikunja, yenye kundi la vijidudu vya kijivu kama vimenyunyiziwa unga, ni vidukari. Mahindi yenye uchafu kama vumbi la mbao kwenye moyo wa mmea ni kiwavijeshi vamizi. Mtazame usoni, ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa. Shina la mahindi lenye tundu na njia ndani yake ni bungua, yule funza wa siku zote. Nyanya ambazo majani yake yana mabaka yaliyokauka kama yamechimbwa kwa ndani ni Tuta absoluta, ambaye wenzetu wa Tanzania wanamwita kantangaze. Huyo aliingia Kenya mwaka 2014.

Hakuna mmea mmoja unaowasumbua wote hawa. Anayekuuzia mche mmoja wa "kufukuza wadudu wote" anauza mche tu.

Mdudu anadanganywa vipi?

Mwaka 1973 Richard Root wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu wadudu wa mboga moja ya jamii ya kabichi ambayo mtu wa Nairobi akiiona ataiita sukuma bila kusita. Alilinganisha mimea iliyopandwa pamoja kwa wingi na mingine iliyosimama katikati ya majani ya porini. Wadudu wanaotegemea jamii ya kabichi walijazana zaidi kule kwenye shamba la aina moja. Ni jambo la kawaida: mdudu akifika mahali meza imejaa, hana sababu ya kuondoka.

Baadaye watafiti wawili wa Uingereza, Finch na Collier, walieleza kinachotokea mdudu anapotua. Harufu ya kabichi inamwambia ashuke, lakini pa kutua anachagua kwa macho, na macho yake yanatafuta kijani. Akitua kwenye mmea wake mara kadhaa mfululizo, anataga. Akitua kwenye mmea mwingine katikati, hesabu inaanza upya, na baada ya kubahatisha hivi mara nyingi anaruka kwenda zake. Katika majaribio ya aina hiyo, hata karatasi za kijani zilizosimamishwa kati ya mboga zilipunguza mayai ya nzi wa mizizi ya kabichi. Karatasi haina harufu ya kitunguu.

Ndiyo maana siamini sana maneno ya "panda kitunguu, harufu yake itawakimbiza". Huenda harufu inasaidia, lakini sehemu kubwa ya kazi inafanywa na majani yanayoonekana. Kwa anayechagua, maana yake ni hii: mmea wa pili uwe umeshakua na kufunika udongo siku ile nondo anapokuja. Kitunguu chembamba kama sindano chini ya sukuma iliyofika magotini hakimdanganyi mdudu yeyote.

Faida ya pili ya kuchanganya ni kuwaweka maadui wa wadudu karibu. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kile chenye makao Kasarani panapoitwa Duduville, kilimwachilia nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum huko Wundanyi na Limuru. Aliletwa kutoka Taiwan kwa kazi moja: kutaga ndani ya viwavi wa nondo mgongo-almasi. Nyigu mzima anaishi kwa maji matamu ya maua. Shamba la sukuma tupu halina ua hata moja, na juu ya hilo mwenye shamba anapuliza dawa inayoua kila kitu. Kiwavi anayelengwa ndiye anayebaki, maana nondo mgongo-almasi ni bingwa wa kuzoea sumu. Kule Java, Indonesia, tayari mwaka 1953 ilikuwa imeripotiwa kwamba DDT haimtishi tena. Kwa hiyo kabla hujalinganisha mchanganyiko huu na ule, amua jambo hili: ukichanganya mimea halafu ukaendelea kupuliza kila Jumamosi kama ibada, umelipa gharama ya njia zote mbili na kupata nusu ya kila moja.

Mahindi: sukuma-vuta au maharagwe ya kawaida?

Hapa ndipo ulinganisho ulipo mgumu zaidi, kwa sababu njia zote mbili zinafanya kazi.

Sukuma-vuta (sukuma hii haihusiani na ile ya ugali) ilibuniwa miaka ya 1990 na watafiti wa icipe wakiongozwa na Zeyaur Khan, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza na watafiti wa kilimo wa Kenya, kwa majaribio yaliyofanyika sana Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Kati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Kuzunguka shamba unapanda nyasi ya nepia au brakiaria. Nondo wa bungua hapendi kukaa penye desmodiamu. Nyasi za pembeni zinamvutia akatage huko, na funza wakianguliwa na kutoboa nepia wanakutana na utomvu unaonata. Wengi hufia humo. Desmodiamu pia inarutubisha udongo, inafunika ardhi, na mizizi yake inaua kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi kule magharibi mwa Kenya.

Sasa tulia kidogo. Kiduha si tatizo la Nairobi. Nusu ya sifa ambazo mkulima wa Siaya anaipa sukuma-vuta hazikuhusu wewe wa Ruai, na ukiambiwa kwamba mavuno ya mtu yaliongezeka maradufu, uliza kama shamba lake lilikuwa na kiduha.

Kinachotuhusu ni kiwavijeshi vamizi, aliyefika Kenya mwaka 2017. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwenye mashamba ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania waliopanda brakiaria na desmodiamu inayostahimili ukame, ulikuta viwavi kwa kila mmea wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kulinganisha na mahindi matupu. Ni punguzo kubwa. Namna linavyotokea bado ina ubishi: utafiti mwingine wa mwaka 2024 ulisema desmodiamu haimfukuzi nondo huyu kwa harufu bali inamtega. Nondo anataga juu yake, na vinyweleo vya majani vinawanasa na kuwaua viwavi wachanga. Kwangu mimi mkulima haidhuru sana kama ni harufu au ni vinyweleo, ila nafurahi wataalamu wanapogombania kitu ninachoweza kwenda kukitazama shambani.

Hesabu ya nafasi ndiyo inayoumiza. Ukipanda mistari mitatu ya nepia kuzunguka shamba, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, kisha ukaacha mita moja kabla ya mahindi, umetumia mita mbili na nusu kila upande. Hamsini kwa mia ni kama mita 15 kwa 30. Ondoa pande zote, unabaki na mita 10 kwa 25, yaani mita za mraba 250 kati ya 450, na hapo hatujajenga nyumba. Karibu nusu ya ploti imekuwa nyasi. Kwa shangazi yangu mwenye nusu ekari hesabu ni nyingine: anapoteza kama sehemu moja kwa tano tu. Robo ekari inapoteza chini ya theluthi. Kadiri shamba linavyokuwa dogo, ndivyo ukingo unavyolimeza.

Na shangazi hapotezi chochote, kwa kweli. Nepia inaliwa na ng'ombe wake, desmodiamu inaliwa na ng'ombe wake, na kabla ya hapo alikuwa akinunua lishe kwa mzigo kutoka kwa vijana wanaokata nyasi kando ya barabara. Kwake mpangaji analipa kodi mara mbili. Mimi sina hata mbuzi. Nilipojaribu nilijikuta nakata nepia na kuigawa bure, nikishukuriwa na majirani wote wenye mifugo huku mahindi yangu yakijaza debe moja.

Kuna mengine ya kujua kuhusu sukuma-vuta kabla ya kuingia. Mbegu ya desmodiamu ni ghali ukilinganisha na maharagwe, na ni ndogo sana. Ekari moja inahitaji kama kilo moja, na unaichanganya na mchanga mkavu ili imwagike sawasawa kwenye mfereji. Huota polepole, kwa hiyo msimu wa kwanza utapalilia kwa mkono, wiki ya tatu na tena wiki ya tano, la sivyo magugu yataimeza. Msimu wangu wa kwanza kijana aliyenisaidia kupalilia aling'oa mistari minne akidhani ni magugu. Simlaumu, sikuwa nimemwonyesha. Ikishashika, hata hivyo, inadumu miaka. Unaipunguza tu kabla ya kupanda mahindi mengine. Nepia nayo ina magonjwa yake, ya kudumaa na ya masizi, kwa hiyo tafuta aina inayostahimili masizi kama Kakamega 1 badala ya kuokota vipande kwa jirani. Upande wa mashariki wa jiji, Ruai, Kamulu hadi Joska, mvua ni chache na udongo mweusi unapasuka kiangazi, na huko ningechagua brakiaria na desmodiamu ya jani la kijani kuliko ile ya jani lenye baka la fedha. Brakiaria huvamiwa na utitiri mwekundu jua likiwa kali, lakini mara nyingi huchipua tena.

Maharagwe je? Kila shosho wa Kiambu amechanganya mahindi na maharagwe tangu utotoni, na hakuna aliyempa cheti. Utafiti wa Uganda, nao wa mwaka 2018, ulikuta kwamba mahindi yaliyochanganywa na maharagwe, soya au njugu yalikuwa na kiwavijeshi wachache kuliko mahindi matupu, hasa kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Sukuma-vuta ilishinda, lakini maharagwe hayakuaibika. Kipindi hicho cha kabla ya mbelewele ndicho kinachoamua mengi, kwa sababu ndipo kiwavi anapokaa ndani ya moyo wa mmea.

Maharagwe hayachukui ukingo wa shamba, mbegu iko kila duka, na baada ya miezi mitatu unapika githeri. Udhaifu wake ni kwamba yanaondoka mapema na hayana mtego wa pembeni. Ukiwa na bungua wengi, watabaki. Njahi na kunde hutambaa zaidi na hufunika udongo muda mrefu, na majani ya kunde ni mboga tayari. Ila kunde zenyewe huvutia vidukari weusi. Usishangae.

Kwa hiyo: una mifugo, au jirani anayenunua lishe kwa pesa taslimu, na una robo ekari kwenda juu, panda sukuma-vuta. Ploti ya hamsini kwa mia isiyo na ng'ombe, panda maharagwe au njahi, na asubuhi mara mbili kwa wiki pita ukiponda mayai na viwavi kwa mkono. Kwa mahindi mia mbili tatu hiyo ni kazi ya nusu saa.

Sukuma wiki: dhania, kitunguu au haradali?

Hii ndiyo mboga ya wengi, basi nitaikalia kidogo.

Dhania ndiyo chaguo langu la kwanza, na sababu yake si ya kishujaa: inauzika. Mama mboga yeyote anaichukua, na kachumbari bila dhania ni nyanya zilizokatwa. Imwage wiki mbili hivi kabla ya kuhamisha miche ya sukuma, ili siku sukuma inapoingia shambani pawe tayari pana kijani kingine. Baada ya wiki tano au sita unang'oa na kumwaga nyingine. Kosa linalofanywa na karibu kila mtu, nami nilikuwa mmoja wao, ni kuing'oa yote. Dhania iliyoachwa ichanue hutoa miavuli ya maua meupe madogo, na hayo ndiyo maua ambayo nyigu wadogo wanayaweza, maana midomo yao haifiki ndani ya ua refu. Wale nzi wanaoelea hewani kama nyuki, ambao watoto wao hula vidukari kwa pupa, nao huyapenda. Kila hatua tatu au nne acha shina moja lichanue. Hasara ya dhania ni kiu yake, na joto la Januari na Februari linaifanya ichanue kabla haijaneneka. Kwa soko ni hasara, kwa nyigu ni karamu.

Kitunguu kinavumilia ukame kuliko dhania na kinakaa muda mrefu, lakini kinahitaji jua. Ukikipanda karibu na sukuma kitafunikwa na kutoa vichwa vidogo kama gololi. Ninachofanya ni mistari miwili ya sukuma, kisha mistari miwili ya kitunguu cha majani, kile kinachokatwa kikiwa kibichi. Sitegemei vichwa. Kuhusu wadudu, kitunguu ni cha wastani: majani yake ni wima na membamba, hayafuniki udongo. Ukilazimika kuchagua kimoja kwa ajili ya nondo, chukua dhania. Kwa ajili ya mfuko na maji machache, kitunguu.

Haradali ni kitu kingine kabisa, kwa sababu haimchanganyi mdudu, inamwita. Nondo mgongo-almasi huipenda kuliko kabichi. Watafiti wa Bangalore, India, walipendekeza mistari miwili ya haradali kwa kila mistari 25 ya kabichi, mmoja ukipandwa siku 15 kabla ya kuhamisha kabichi na mwingine siku 25 baadaye, ili mtego usizeeke. Kwenye ploti yetu inatosha kuipanda ukingoni, kwa awamu mbili vilevile. Mbegu ni ile rai inayouzwa kwenye maduka ya viungo ya Wahindi kule Ngara na Parklands, ya bei ndogo, na nyingi huota.

Kwingine duniani haradali ilijaribiwa ikaonekana haitoshi peke yake, na nadhani najua moja ya sababu. Mtego lazima utazamwe. Viwavi wakijaa kwenye haradali inabidi uing'oe na kuitia kwenye gunia uifunge, au upulize dawa hapo tu na usiguse sukuma. Ukiiacha, umefungua hoteli. Vidukari nao huipenda, na ikishakauka wanahamia kwa jirani wa karibu, ambaye ni sukuma yako. Majani yake huliwa na ni matamu yakiungwa vizuri, lakini ukishaifanya mtego wa dawa usiile.

Basi tofauti kubwa kati ya dhania na haradali ni wewe mwenyewe. Unaishi kwenye ploti na unatembea shambani kila asubuhi na kikombe cha chai? Weka haradali ukingoni na dhania katikati, utafurahi. Unafika Jumamosi tu? Haradali itakuponza, dhania itakusamehe.

Jambo moja la pembeni: saga, ile mboga chungu ya watu wa magharibi, imewahi kupandwa kati ya mawaridi kwa majaribio na ikapunguza utitiri mwekundu. Sijaijaribu kwa kusudi hilo, lakini kwa kuwa inalipa kodi jikoni bila hoja, sioni ubaya wa kuipa mstari mmoja karibu na sukuma wakati wa kiangazi.

Nyanya: hapa sitakudanganya

Kwa Tuta absoluta, kuchanganya mimea hakutoshi. Utahitaji mitego yenye harufu ya jike, kuokota matunda yaliyotobolewa na kuyafungia kwenye mfuko mweusi juani, na kubadilisha zao msimu unaofuata. Wavu mwembamba ukiweza. Dhania au kitunguu kati ya nyanya hakina madhara, lakini usivitegemee.

Kosa ninaloliona sana Nairobi ni la kudhani kuchanganya ni kuchanganya tu. Mtu anapanda nyanya, katikati anaweka managu, pembeni biringanya na viazi, kisha anasema amefanya kilimo mseto. Hao wote ni ukoo mmoja! Tuta anaishi kwenye managu kama nyumbani kwao, na ukungu unahama kutoka kiazi hadi nyanya bila kugonga mlango. Ni vilevile na sukuma kando ya kabichi. Mmea wa pili utoke ukoo tofauti. Ukikosea hapo mengine yote niliyoandika hayatakusaidia.

Tatizo la nyanya ambalo mmea mwingine unaliweza ni minyoo fundo, ile inayofanya mizizi ivimbe vinundu. Maua ya njano ya jamii ya Tageti hutoa kwenye mizizi kemikali inayowadhuru. Lakini yale maua matatu yanayopandwa kwenye kona kwa uzuri hayafanyi kazi hiyo. Yanatakiwa yajaze kitanda chote kwa miezi miwili au zaidi kabla ya nyanya, kisha yakatwe na mizizi iachwe udongoni. Kwa maneno mengine ni kubadilisha zao, na kitanda hakikuletei nyanya wakati huo. Kama unaweza kuuza maua, sawa. Mimi nilifanya hivyo kwenye kitanda kimoja tu, kile kilichokuwa kimeharibika kabisa.

Kwa wa gunia na wa roshani

Bustani za magunia zilienea sana Kibera baada ya mwaka 2008, shirika la Solidarités la Ufaransa lilipozisambaza kwa familia zilizoathirika na vurugu za uchaguzi, na leo utaziona Mathare hadi kwenye roshani za Umoja. Sukuma kwenye matundu ya ubavuni, dhania na vitunguu vya majani juu: ni mpango mzuri, kwa sababu unatumia nafasi. Kuhusu wadudu, kwa mimea 30 au 40 mchanganyiko wowote unashindwa na kidole gumba. Geuza jani, ponda vidukari, osha kwa maji yenye sabuni kidogo jioni. Basi.

Kama shamba uko nalo kwa simu

Wengi wetu tunalima kwa simu: sisi tuko kazini mjini, shamba liko Kamulu au ushago, na kijana mmoja ndiye macho yetu. Kwa hali hiyo panga michanganyiko kwa kuuliza inastahimili uzembe kiasi gani. Mahindi na maharagwe yanastahimili sana, kila mtu anayajua. Sukuma-vuta ni ngumu mwaka wa kwanza na rahisi kuliko zote kuanzia wa pili. Dhania inahitaji maji, si akili nyingi. Haradali inahitaji mtu anayeelewa kwa nini kuna mboga nzuri ambayo haitakiwi kuliwa na inatakiwa kung'olewa ikiwa imejaa wadudu, na kulieleza hilo kwa simu nimeshindwa mara mbili.

Wakati nao una neno. Kwa mvua fupi za Oktoba hadi Desemba ningeanza na dhania na sukuma, au maharagwe na mahindi ya muda mfupi, kwa sababu hiyo mvua inaweza kukatika kabla desmodiamu haijashika. Sukuma-vuta ningeisubirisha hadi mvua ndefu. Mbegu inunuliwe Februari, ardhi ilainishwe vizuri, mifereji ichimbwe mapema kwa kamba iliyonyooka ili mstari wa desmodiamu usichanganyike na magugu. Wiki ya tatu, siku ya kupalilia, chukua likizo uende mwenyewe. Chuma jani moja la desmodiamu, majani matatu kwa kikonyo kimoja, umpe kijana alitie mfukoni, aende nalo mstari kwa mstari.